Glafira Potapovna na Karipio Lake la Miaka Thelathini na Mmoja

Kesho kutwa, tarehe mosi Machi 1974, Ndugu Glafira Potapovna Zyryanova, fundi mkuu wa chumba cha majaribio katika Idara ya Kinga ya Gesi, atastaafu rasmi baada ya kuitumikia taasisi yetu kwa miaka thelathini na miwili bila kuchelewa hata siku moja. Sherehe ya kumuaga ni leo saa tisa alasiri katika ukumbi mkubwa. Kutakuwa na hotuba nne, Hati ya Heshima ya kumi na mbili, na zawadi ya saa ya mezani. Hii ni saa yake ya nne kutoka kwetu. Yaonekana uongozi una wasiwasi kwamba mama huyu hajui kusoma saa.

Kamati ya wafanyakazi imeniomba mimi, Innokenty Rudometov, profesa wa fiziolojia, niandike wasifu wake kwa ajili ya gazeti letu la ukutani. Niliambiwa uwe mfupi, uchangamshe, na "usichokonoe mambo ya zamani." Kusimulia miaka thelathini na miwili ya mtu bila kugusa ya zamani kunahitaji kipaji cha pekee. Kipaji hicho ninacho, na nimekitumia muda mrefu mno.

Tulimpataje Glafira Potapovna? Tulimpata kwenye orodha ya vifaa. Machi 1942, taasisi ilipohamishwa kutoka magharibi kukimbia vita na kushushwa kwenye theluji ya mji huu kando ya mto Kama, tulihitaji jengo lenye kuta nene na milango isiyopitisha hewa, ili tufundishe watu kujikinga na gesi za sumu. Mji ukatupa bafu la umma. Hati ya makabidhiano ipo hadi leo: "Bafu, moja. Matangi ya shaba, mawili. Beseni, sitini. Mhudumu, mmoja." Mhudumu huyo alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, alikuwa ameendesha majiko ya bafu lile miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kuingia katika sayansi.

Wenyeji hawakuelewa mabadiliko hayo upesi. Kila Jumamosi walikuja na beseni zao na vicha vyao vya matawi ya kujichapia mwili wakati wa kuoga, wakapanga foleni mlangoni.

"Potapovna, kuna moto leo?"

"Upo, lakini huu ni wa kukutoa machozi."

"Nitoe tu, mama! Wiki ya tatu hii sijaoga!"

Ndani yake, wakati huo, serikali ilikuwa inawaandaa wanasayansi wa tiba kwa vita vya kemikali. Habari zilisema adui anaweza kuachia gesi wakati wowote, na jeshi lilitaka waganga wanaoijua. Basi wakakusanywa mabingwa: wa mapafu, wa damu, wa figo za vyura, na mmoja wa meno ambaye mpaka mwisho aliamini ameitwa kwa makosa. Kozi ilikuwa ya siku arobaini na mbili. Somo la kutambua gesi kwa harufu lilifundishwa na meja mmoja shujaa aliyepoteza uwezo wa kunusa katika vita vilivyotangulia. Alikuwa akifungua kichupa, anakipitisha chini ya pua yake mwenyewe, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anatuuliza sisi tumesikia nini.

Mkuu wa kozi alikuwa Kanali Vsevolod Arkadyevich Lemeshev, ambaye leo ndiye Mkuu wetu wa Taasisi, Mungu amzidishie. Katibu wa kozi nilikuwa mimi. Glafira Potapovna alipewa kazi ndogo isiyohitaji elimu: kuwasha moshi wa majaribio, kufunga mlango, kuhesabu dakika kumi, na kuweka sahihi yake kitabuni mbele ya jina la kila aliyekaa ndani na barakoa yake mpaka mwisho. Neno lilikuwa moja tu, "amefuzu." Asiye na neno hilo haendi vitani kama mganga wa gesi.

Kazi hiyo ndogo yeye akaifanya kubwa. Kabla ya kila zoezi alipitisha mshumaa pole pole kando ya mlango wote, akitazama kama ulimi wa moto unacheza. Kisha kila mwanafunzi, awe nani awe nani, alisimamishwa mbele yake, akavalishwa barakoa, akaambiwa azibe bomba kwa kiganja na avute pumzi. Barakoa ikimng'ang'ania usoni, anaingia. Isipomng'ang'ania, anarudi nyuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alituambia, na sisi wenye shahada tukacheka kidogo kwa adabu.

Matata yalianza na ndevu.

Profesa Yelizar Fomich Bogolepov, bingwa wa mapafu, alikuwa na ndevu zilizofika kifungo cha tatu cha koti. Katika idara yake desturi ilikuwa moja: mwalimu ana ndevu, na wanafunzi wake wana ndevu. Hakuna aliyeamrishwa, hasha! Ila aliyenyoa alikuta hana tena darubini, mwezi uliofuata hana meza, na mwaka haukuisha kabla hajakosa kazi. Ukiwakuta wamekaa saba kwenye benchi ungedhani umeingia kwa watawa. Hata Averky Tselishchev, kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole, mwenye nywele chache kidevuni kama za mbuzi aliyeugua, alizitunza kwa mafuta na sala.

Barakoa ya gesi nayo haijui vyeo. Mpira wake unataka kulala juu ya ngozi. Ukiweka nywele katikati, hewa inapita, na kilichomo hewani kinapita nayo. Jambo hilo alitufundisha Profesa Bogolepov mwenyewe, kwa saa mbili, kwa michoro ya rangi, huku akizipapasa ndevu zake.

Alipofika mlangoni pa bafu, Glafira Potapovna alimwangalia, akamwambia avute pumzi, akasikiliza.

"Hapa panapita upepo, Ndugu Profesa. Ni ndevu."

"Mama, mimi nimeandika kitabu kizima juu ya upumuaji."

"Hongera. Lakini hapa panapita upepo."

Profesa akatafuta dawa ya kisayansi. Yeye na wanafunzi wake sita walijipaka mafuta ya bata bukini kidevu chote, wakavaa barakoa, safari hii zikang'ang'ania, wakaingia. Moshi ule haukuwa wa kuua, ulikuwa wa kuwasha macho tu. Mama alikuwa hajahesabu hadi arobaini pale Profesa alipotoka mbio akimwita marehemu mama yake. Wengine walimfuata kwa mpangilio wa vyeo, maana hata katika kukimbia kuna adabu. Averky, kwa kuwa alikuwa mdogo wao, alitoka mwisho, macho yamevimba hata haoni ngazi.

Asubuhi iliyofuata Averky alirudi peke yake. Alikaa kwenye benchi lililo karibu na jiko, akafunua shingo.

"Potapovna, ninyoe upesi kabla sijabadili mawazo."

Alimpaka sabuni. Alikuwa ameshamaliza shavu moja pale Profesa Bogolepov alipopita koridoni. Profesa alikohoa tu. Averky akasimama, akafuta sabuni kwa mkono wa koti.

"Samahani, mama. Labda kesho."

Alitembea wiki nzima na ndevu za upande mmoja, mpaka upande wa pili ulipoota. Tulimcheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tarehe 20 Desemba tume kutoka makao makuu ilikuwa inakuja kupokea wahitimu. Wanafunzi walikuwa arobaini na sita, waliofuzu thelathini na tisa, na taarifa ya Kanali ilikuwa imeshatumwa ikisema asilimia mia moja. Ilibaki jambo dogo tu, ukweli ufuate taarifa. Siku mbili kabla ya tume, Glafira Potapovna aliitwa ofisini. Nilikuwepo, nimeshika kitabu.

"Weka sahihi hapa, mara saba," Kanali alimwambia. "Hawa ni wanasayansi. Wamefuzu kisayansi."

"Kisayansi sijui mimi, Ndugu Kanali. Mimi najua mlango. Waliingia, wakatoka wanalia."

"Wewe mwanamke, hujui kuwa kuna vita?"

"Nina kaka wawili huko. Ndiyo maana siandiki."

"Hii ni hujuma! Unajua hujuma inalipwa nini?"

"Kuandika nimejifunza ukubwani, juzijuzi tu. Sikujifunza ili niandike uongo. Waambie wanyoe, nitawaingiza leo hii, na nitaandika kwa furaha."

Kuwaambia wanyoe! Hilo Kanali hakuliweza. Mwanamume aliyekuwa tayari kupambana na jeshi zima la adui aliogopa kikohozi cha Profesa Bogolepov. Kwa hiyo Glafira Potapovna alipewa karipio kali la kuandikwa kwenye faili, "kwa kuzuia mafunzo wakati wa vita na kuwavunjia heshima wanasayansi." Maneno hayo matamu niliyatunga mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na kalamu nyepesi, na niliongeza kwa ubunifu wangu sharti la mwisho: karipio hilo lisifutike mpaka mhusika akiri kosa lake kwa maandishi. Kanali alilipenda sana.

Tume ilipofika, kitabu kilikuwa na majina arobaini na sita, na mbele ya yote neno "amefuzu" na sahihi ya G. Zyryanova. Wageni walitupongeza. Habari za zile sahihi saba za mwisho nitazieleza mbele, nikipata moyo.

Bahati ilitusaidia. Gesi iliyoogopwa haikuja, na Profesa Bogolepov na watano miongoni mwa wanafunzi wake walivuka vita bila kuvaa barakoa tena. Bahati haikumtosha wa saba. Septemba 1943 adui aliporudi nyuma aliacha mapipa ya kemikali katika kiwanda cha matofali, na moto ukashika. Askari wawili walikuwa wamekwama ndani. Mganga wa gesi wa kikosi alikuwa Averky Tselishchev, mwenye cheti. Alivaa barakoa, akaingia, akamtoa wa kwanza. Akaingia tena, akamtoa wa pili. Askari wale, waliokuwa wamenyolewa kama jeshi linavyotaka, walipona na barakoa zao. Averky alikufa siku ya tatu. Uchunguzi ulisema kifaa kilikuwa kizima, na cheti chake kilikuwa sawa, kwa hiyo marehemu alikivaa kwa uzembe. Ndivyo walivyomwandikia dada yake, ambaye hakuwa na mtu mwingine.

Nakala ya barua hiyo ilibandikwa kwenye ubao wetu. Glafira Potapovna aliisoma silabi kwa silabi, kidole juu ya karatasi, kisha akaingia bafuni na kufunga mlango, na tulisikia beseni zikirushwa ukutani moja baada ya nyingine. Hakuna aliyethubutu kugonga. Wiki ile Profesa Bogolepov alinyoa. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko tulivyodhani, na hakuwahi kumtaja Averky tena mpaka anazikwa.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hapo karipio lingefutwa. Mtu huyo hajafanya kazi kwenye taasisi. Kulifuta kungetaka faili lifunguliwe, na faili likifunguliwa mtu angeuliza: kama mama huyu aliadhibiwa kwa kukataa kuweka sahihi, basi zile sahihi zimetoka wapi? Tukaona ni heshima zaidi kuliacha.

Hivyo kila Januari, tangu 1944, ofisi ya utumishi humpelekea fomu yenye maneno "Nakiri kosa langu" na mistari mitano mitupu. Kila Januari huirudisha siku hiyohiyo, tupu. Fomu thelathini na moja! Mwaka 1959 peke yake ndipo alipoandika kitu: "Bawaba ya mlango wa pili imelegea." Ofisi ilijadili kama hayo ni maungamo. Bawaba ilitengenezwa 1963.

Mengine ya utumishi wake yanajulikana. Amepitisha kozi sitini na moja mikononi mwake. Tulipojengewa chumba kipya chenye vipimo vya umeme, aliendelea na mshumaa wake, na mara nne mshumaa ulisema kweli na vipimo vikasema uongo. Pembeni mwa mlango aliweka beseni, sabuni na wembe, na hakuna mwenye ndevu aliyempita, awe jenerali, awe mwanataaluma mkuu. Kuna maprofesa wa nchi hii ambao waliowahi kuviona videvu vyao ni wawili tu, mama aliyewazaa na Glafira Potapovna. Mara tatu alipendekezwa apewe nishani. Mara tatu mtu alifungua faili, akaona, akalifunga, na badala ya nishani mama akaletewa saa.

Mwezi huu kamati ilimuuliza anataka zawadi gani. Walitegemea atasema seti ya vikombe.

"Nataka karatasi ile itoke kwenye faili," alisema. "Nikifa, wajukuu wangu wasije wakasoma kwamba bibi yao alizuia mafunzo wakati wa vita. Kaka zangu wote wawili hawakurudi. Nitakutana nao na karatasi gani?"

Kamati ikaandika: saa ya mezani.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Taasisi kumwombea. Alinipokea vizuri, akaniwekea chai na biskuti.

"Innokenty, mzee wa watu anakwenda kupumzika. Karipio linamuuma mguu?"

"Analitaka litoke, Vsevolod Arkadyevich."

"Likitoka tutaulizana nani aliweka zile sahihi. Wewe unataka tuulizane?"

Nikasema sitaki. Nikanywa chai. Biskuti zilikuwa nzuri.

Kisha nikakaa kuandika wasifu huu, kwa furaha na uchangamfu kama nilivyoagizwa, na nilipofika Desemba 1942 kalamu ikagoma. Niliandika "mwaka huo alionyesha uwajibikaji." Nikafuta. Niliandika "kulitokea kutoelewana." Nikafuta hilo pia. Alhamisi iliyopita nikashuka ngazi hadi chumbani kwake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango, anapitisha mshumaa.

"Glafira Potapovna," nilimwambia, "zile sahihi saba niliweka mimi. Kanali hakuniamuru. Aliniambia tu kwamba ingekuwa vizuri zikiwepo."

Hakuinua macho kutoka kwenye moto.

"Najua. Mimi wakati ule nilikuwa naandika jina langu kama mtu anayepasua kuni. Wewe uliniandikia sahihi ya msomi."

"Miaka yote hii ulijua? Mbona hukusema?"

"Niseme niwe nani? Mhudumu wa bafu mwenye karipio? Kila Januari ile karatasi ikija, najiambia, labda mwaka huu Innokenty atateremka ngazi. Ngazi zenyewe kumi na nne tu."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno, na yalikuwa mazuri, maana kalamu yangu bado nyepesi. Alinikatiza.

"Mimi usiniombe, mimi ni mzima, nina wajukuu. Dada yake Averky yu hai. Tunaandikiana kila mwaka mpya. Mpaka leo anaamini mdogo wake alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, na anamwonea aibu. Aibu, Innokenty! Mwandikie huyo."

Nikapanda juu, nikaichukua ile fomu ya Januari hii kutoka ofisi ya utumishi, nikaijaza. Kumbe mistari mitano inatosha, sikujua kama kukiri ni kufupi hivyo. Ninainakili hapa neno kwa neno: "Nakiri kosa langu. Tarehe 18 Desemba 1942 niliandika 'amefuzu' mbele ya majina ya watu saba ambao hawakufuzu, nikaghushi sahihi ya Glafira Potapovna Zyryanova, ambaye alikataa. Averky Tselishchev aliingia kwenye moshi kwa cheti cha uongo huo, naye hakuwa mzembe. I. Rudometov." Nakala ya fomu iko kwenye faili la Glafira Potapovna, nyingine imebandikwa chini ya karatasi hii, na ya tatu imekwenda kwa tume iliyo juu ya taasisi, pamoja na ombi la kufuta karipio na kuniandikia mimi langu. Nimewaandalia maneno, wasihangaike, nina uzoefu.

Ndugu Mkuu wa Taasisi, najua umesimama mbele ya ubao huu sasa hivi na unamtuma mtu alete ufunguo wa kabati la kioo lenye gazeti hili. Uko mfukoni mwangu. Nimekaa ukumbini, safu ya tatu, upande wa dirisha, na hotuba yako naisubiri kwa hamu.

Glafira Potapovna, ahsante kwa miaka thelathini na miwili, na kwa neno moja ulilotunyima ulipoombwa kuliandika. Upumzike vyema, mama. Afya iwe nawe, majiko ya nyumbani kwako yasizime, na wajukuu wakusomee chochote wanachotaka. Barua kwa dada yake Averky nimeipeleka posta leo asubuhi, kwa mkono wangu, kwa jina langu.